Benchi ya seremala ya kubeba: kabari tupu, bolti hakuna, je inatulia?

Haya watazamaji, karibuni. Leo nachambua hii benchi mnayoiona hapa mbele yangu, benchi ya seremala ya kubeba, inafunguka vipande vipande, nimeiunda mwenyewe kwa mbao na viungo vya zamani, hakuna bolti, hakuna msumari, chuma pekee humu ni skrubu ya jiliwa, kile kibanio cha kushikia mbao, basi. Na swali la kwanza la kila mtu ni moja tu, inatikisika? Angalieni, nasukuma kwa urefu... nasukuma kwa upana... imetulia, na hapo bado haijaegemea ukuta wala kitu chochote.

Sasa kwa nini imetulia, hapo ndo utamu ulipo na ndo sababu nimetaka kuirekodi hii video. Ukipiga randa unasukuma kwa mlalo, tena kwa urefu wa benchi, kila mkupuo wa randa unajaribu kuilaza miguu upande mmoja, na benchi nyingi za kukunja zinafia hapo hapo, bawaba zinalegea, unaanza kuifukuza benchi chumba kizima. Kwenye hii, kazi yote hiyo inabebwa na hizi mbao mbili ndefu za chini, mi naziita mifumbati kama ya kitanda maana kazi yao ni ile ile, zinashika miguu ya upande huu na ule. Mwisho wa kila mfumbati kuna ulimi, ulimi unapenya tundu la mguu unatokea upande wa pili, halafu ule ulimi uliotokeza nao una tundu lake, humo ndo inaingia kabari. Ukigonga kabari inauvuta mfumbati, mabega yake, yaani zile kingo pale ulimi unapoanzia, yanabana mguu kwelikweli, na kadiri mabega yalivyo mapana ndivyo benchi inavyogoma kulala, kwa hiyo mfumbati usiufanye mwembamba ili upunguze uzito, mpe sentimita 15 za kwenda juu au zaidi, uzito punguza kwingine.

Kuna kitu hapa watu wengi wanakipita haraka. Lile tundu la kabari lisianzie pale ulimi unapotokeza, lianzie ndani kidogo, milimita chache zimezwe na mguu, kwa sababu kabari inatakiwa ilalie uso wa mguu, sio ukuta wa tundu lake yenyewe. Ukilianzisha sawasawa na uso wa mguu kabari inajaa, inakaza, unafurahi, kumbe haivuti kitu. Mteremko wa kabari wangu ni 1 kwa 8, yaani kila sentimita 8 za urefu inanenepa sentimita 1, ukiufanya mkali zaidi inaanza kuruka yenyewe ukifanya kazi. Na mbele ya tundu acha nyama ya kutosha, sentimita 4 au 5 za mbao hadi ncha ya ulimi, maana kabari inasukuma kufuata nyuzi na mbao inapasuka kirahisi sana upande huo.

Mtu atasema si uweke bolti tu umalize? Bolti inakaza vizuri siku ya kwanza, sikatai. Ila mbao inavimba na kunywea kwa upana wake, kwa urefu ni kidogo mno, kwa hiyo hewa ikikauka mguu unapungua unene, bolti inabaki na urefu wake, kiungo kinacheza, utatafuta spana. Kabari unaigonga mara moja imekaza. Wala sio ufundi mpya huu, benchi za namna hii zinaitwa za Wamoravia, wale Wakristo wa kutoka Ulaya ya kati walioanzisha mji wa Salem kule North Carolina, Marekani, mwaka 1766.

Fremu za pembeni zenyewe, yaani miguu ya kila upande, hazifunguki, ni ulimi na tundu na gundi, halafu kigingi. Hapo tundu la kigingi kwenye ulimi nimelitoboa likakaa karibu na bega kwa milimita 2 hivi kuliko tundu la kigingi kwenye mguu, kigingi kikipita kinalazimika kujikunja kidogo na kinauvuta ulimi ndani, hata klempu huhitaji. Kigingi kipasue kwa patasi kifuate nyuzi, usikikate na msumeno, kitakatika ndani.

Juu: ubao mnene wa sentimita 5 upande wa mbele tu, nyuma ni trei nyepesi ya vifaa. Unene uko pale unapogonga. Umekalia vigingi vya fremu bila gundi, na matundu ya nyuma nimeyarefusha kidogo ili ubao ukivimba upate pa kwenda.

Haya, kasoro, maana zipo. Huo ubao wa juu ni mzito, ngazi nyingi utataka mtu wa pili. Pili, ukipiga randa mbao ngumu ambayo bado ina makovu ya msumeno, kwenye sakafu laini benchi nzima inateleza, haitikisiki ila inateleza, tofautisheni hivyo viwili. Dawa yake nimepanga kibao juu ya mifumbati, sanduku la vifaa linakaa hapo, uzito unashuka chini. Na ukichimba matundu kwa patasi na nyundo fanyia juu ya mguu kabisa, katikati ya ubao panadunda na unapoteza nguvu yako bure.

Kimo cha benchi mi napima hivi, simama wima mikono chini, benchi ifike pale kiganja kinapokutana na mkono, kwangu ni kama sentimita 85. Wa randa zaidi shusha, wa kukata viungo zaidi pandisha.

Mwenye karakana ya kudumu mi nitamwambia ajenge benchi nzito asihangaike na hii. Ila kama unafanyia kazi chumbani, barazani, au unamfuata mteja, hii naipa alama za juu bila kusita.

Sasa naifungua muone. Kabari gonga kutoka chini, hivyo... zote nne, zifunge kwa kamba hapo hapo kwenye mguu wake zisipotee, kila moja nimeiandika namba. Nyanyua ubao wa juu kwanza, ndipo uvute mifumbati. Na ukiirudisha, gonga kabari taratibu huku unasikiliza, mlio unaanza mzito, ukishakuwa mkavu na mkali acha papo hapo, imefika, ukiongeza moja unapasua ulimi.