Nililipia nafasi tupu: uzoefu wangu wa kusanifiwa mwamba wa matumbawe nyumbani, Lubumbashi

Mwezi Februari 2024 nilimlipa fundi mmoja wa hapa Lubumbashi dola 1,150 ili anisanifie na kunijengea mandhari ya mwamba wa matumbawe ndani ya tangi la kioo lililokuwa tayari sebuleni kwangu, katika mtaa wa Bel-Air. Bei hiyo ilihusu mchoro, mawe, gundi, kazi ya mikono na ziara nne za ufuatiliaji. Taa, pampu, chumvi na matumbawe yenyewe nilinunua kando, na hesabu hiyo ya kando ndiyo iliyoniuma zaidi. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 50, yaani lita 360 likijaa hadi ukingoni. Kwa miaka sita lilikuwa makao ya samaki wa Ziwa Tanganyika, Tropheus waliotoka upande wa Moba, kwa hiyo sikuwa mgeni wa maji magumu wala wa mawe. Nilikuwa mgeni wa bahari, na mtu wa Lubumbashi anasameheka kwa hilo, kwani ufuo wowote wa bahari uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Siku fundi alipomaliza kupanga mawe, nilihisi nimeibiwa. Nilikuwa nimefikiria ukuta wa mwamba unaopanda hadi karibu na uso wa maji, umejaa mapango na matao. Nikaletewa visiwa viwili vya mawe visivyolingana, kimoja upande wa kushoto na kingine kidogo upande wa kulia, na kati yake bonde la mchanga mweupe lililoanza pana mbele na kusinyaa kuelekea nyuma. Mawe yote yalikuwa na uzito wa kilo 19, ilhali mimi nilitarajia 40. Kati ya mawe na kioo aliacha sentimita 15 kila upande. Wageni waliuliza kama kazi bado inaendelea, na sikuwa na jibu zuri la kuwapa.

Haki ya fundi ni kwamba alikuwa amenionya, tena kwa njia ambayo sitaisahau. Kabla ya kugusa tangi, alipima umbo lake kwa kamba juu ya sakafu ya baraza, akamwaga mchanga ndani ya kamba hiyo, kisha akashinda alasiri mbili akipanga mawe, akiyavunja kwa nyundo na kuyapanga upya. Alasiri ya pili akasema, «Mama, niazime sahani zako za bukari (ugali), kubwa na ndogo.» Nilidhani ana njaa. Kumbe alizichomeka sahani hizo kati ya mawe, moja juu ya nyingine kwa kupishana, akanieleza kwamba ndivyo Montipora capricornis itakavyokaa baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa maana tumbawe hilo hukua kwa kutandaza mbao nyembamba za duara. Njiti za ufagio alizozifunga pamoja zilikuwa Seriatopora, tumbawe la matawi membamba, na kitambaa cha kijani cha kupangusia meza kilishika nafasi ya polipu-nyota, matumbawe laini ambayo hutambaa na kufunika kila yanachokigusa. Halafu akaondoa sahani, njiti na kitambaa, akabakiza mawe peke yake, akasema kwamba hicho ndicho nitakachokiona siku ya kwanza na kwamba nisimpigie simu kulalamika. Nilimpigia simu kulalamika.

Bonde lile halikuwekwa katikati. Alilipima liangukie sentimita 74 kutoka ukingo wa kushoto, kwa kufuata uwiano wa takriban 0.62 ambao wachoraji na wajenzi wameutumia tangu zamani, na mawe makubwa akayaweka mbele, madogo nyuma, ili jicho lidanganyike na kuona kina ambacho tangi halina. Mengi ya hayo aliyachukua kutoka kwa watunzaji wa akwariamu za maji baridi, hasa mtindo wa Takashi Amano, Mjapani mpiga picha aliyeishi kati ya 1954 na 2015 na kupanga bustani za mawe na majani ndani ya vioo. Hata hivyo alinisisitizia tofauti moja, na kwangu ndilo somo lililostahili fedha yangu. Katika bustani ya majani, jiwe linabaki jiwe, na jani likizidi unalikata kwa mkasi. Katika mwamba, kiumbe chenyewe kinageuka kuwa jiwe: polipu hai, yaani vinyama vidogo vinavyounda tumbawe, hujenga mifupa ya chokaa chini yake mwezi baada ya mwezi, hivyo umbo ulilochora linazidi kunenepa na pengo uliloliacha linazidi kuziba. Anayejaza tangi siku ya kwanza amechora picha ambayo itafutika.

Kuhusu mawe yenyewe, nilikuwa na mawazo yangu, na yote yalikataliwa. Nilipendekeza mawe ya chokaa kutoka Kakontwe, karibu na Likasi, kwa kuwa ni rahisi kuyapata. Akasema ni mazito na yameshikana mno, hayana vitundu ambamo bakteria wa kusafisha maji wanaweza kuishi. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, naye kwa moyo mwema kabisa aliniletea kipande cha malakiti kilichosuguliwa vizuri, kijani chenye mawimbi, akitaka kikae katikati ya tangi kama alama ya nyumbani. Fundi alikiangalia, akarudi nyuma hatua moja. «Mama, hilo jiwe lisiguse hata ndoo.» Malakiti ni madini ya shaba, na shaba ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo: dozi ya shaba ambayo wafugaji huitumia kutibu vimelea vya samaki inatosha kuua matumbawe, kamba na konokono wote tangini. Jiwe la yaya sasa liko juu ya kabati, mbali na maji.

Kwa sababu hiyohiyo sikutumia maji ya bomba moja kwa moja. Katika mji uliojengwa kwa shaba sikutaka kubahatisha, tena kwenye nyumba yenye mabomba ya zamani. Nilinunua chujio la osmosisi lenye hatua nne, na sikuchanganya chumvi mpaka kipimo cha maji kilipoonyesha sifuri. Karibu kilo 11 za chumvi ziliingia katika ujazo wa kwanza, kufikia gramu 35 kwa lita. Kisha tukangoja wiki sita ili bakteria wakae, amonia igeuke nitriti na nitriti igeuke nitrati. Sina la kuongeza hapo: ni wiki sita za kutazama mawe.

Matumbawe yalifika Mei 2024 kwa ndege kutoka Johannesburg, vipandikizi 14 vya sentimita tatu hadi nne, vilivyozalishwa katika matangi ya huko. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo yalihitaji kibali, na karatasi hizo zilichukua muda mrefu kuliko ujenzi. Sanduku lilichelewa siku moja njiani na vipandikizi vitatu vilikuwa vimekufa vilipofunguliwa. Gharama hiyo niliibeba mimi, kwa kuwa mkataba na fundi ulikuwa kimya juu ya usafiri. Anayetaka huduma hii aandikishe jambo hilo mapema.

Fundi alichagua aina zinazokua haraka, na sababu yake ilikuwa ya kisanii kuliko ya uvivu: mandhari ya aina hii haina maana mpaka yakomae, na wengi wetu hatuna subira ya miaka kumi. Acropora ya matawi inaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, ilhali Porites ya bonge huongeza takriban sentimita moja. Hata hivyo Acropora hakuniruhusu kuanza nayo, kwa sababu haisamehi makosa ya mtu mpya. Alinipa Montipora capricornis ya rangi ya chungwa, Montipora digitata ya kijani, Seriatopora hystrix ya waridi, Pocillopora, na kwa upande wa matumbawe laini, Xenia inayofumba na kufumbua vidole vyake kama mtu anayekunja ngumi. Xenia aliiweka peke yake juu ya jiwe lililosimama mchangani, mbali na visiwa vyote viwili, kwa maana ikipanda juu ya mwamba mkuu hutaiondoa tena. Zoanthus, jamaa laini za matumbawe, alizipanda kwa glavu na miwani, akanikataza kuzisugua au kuzichemsha, kwani jamaa hizo zinaweza kuwa na palitoksini, sumu kali sana.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa ya kukatisha tamaa. Vipandikizi vilitandaza nyayo zao juu ya mawe na havikuonekana kupanda juu. Kuanzia mwezi wa tano hali ikabadilika kwa kasi ambayo sikuitarajia: Seriatopora ilifikia ukubwa wa ngumi ndani ya miezi minane, na sahani kubwa ya Montipora, iliyoingia ikiwa na sentimita nne, ilikuwa na 17 nilipoipima mwezi wa 16. Sahani za chungwa zilikaa palepale zilipokuwa sahani zangu za bukari. Zile sentimita 15 za kando ya kioo, ambazo niliziona kama ubahili wa mawe, leo zimebaki saba upande wa kushoto, na bado brashi inapita. Bonde limebaki wazi, na ndilo watu wanalotazama kwanza.

Sasa yale ambayo sikuridhika nayo. Fundi hakunieleza vya kutosha kwamba ukuaji wa haraka unalipiwa kila siku. Matumbawe yanapojenga mifupa hunyonya kalisi na kaboneti kutoka majini, na kadiri yanavyokua ndivyo yanavyonyonya zaidi. Mwezi wa nane tangu matumbawe yafike nilisafiri kwenda Kolwezi kwa siku 12, na niliporudi alkalini, yaani kipimo cha kaboneti majini, ilikuwa imeshuka kutoka 8.4 hadi 5.9, na Seriatopora ilikuwa imeanza kubambuka ngozi kuanzia chini. Niliokoa nusu yake. Tangu hapo nina pampu mbili ndogo zinazodondosha myeyusho wa kalisi na wa kaboneti kwa vipindi usiku na mchana, na ninapima alkalini mara mbili kwa wiki, nikijitahidi ibaki kati ya 8 na 9, na kalisi kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Pampu hizo zilipaswa kuwa katika orodha ya vifaa tangu mwanzo. Nilipomwambia hivyo, alikubali bila kubishana, na hilo namhesabia.

La pili ni umeme. Inveta na betri alizonishauri ziliweza kuendesha pampu za mzunguko kwa saa saba, jambo ambalo ni zuri kwa kuwa maji yakisimama matumbawe hukosa oksijeni upesi. Lakini hakukihesabu kipasha joto, na Julai ya Lubumbashi si ya mchezo: usiku mmoja umeme ulikatika saa tatu, grupu ya jirani ikagoma kuwaka, na alfajiri maji yalikuwa nyuzi 21 badala ya 25. Tuliliviringisha tangi kwa mablanketi kama mgonjwa wa malaria. Baridi ilileta pia jambo jingine ambalo hakuna aliyenieleza. Kwa kuwa tulifunga madirisha yote na watu kuota moto wa mbabula (jiko la makaa) kwenye baraza, hewa ya kaboni dioksidi iliongezeka ndani ya nyumba na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikawa inashuka hadi 7.8 kila asubuhi. Dawa ilikuwa kuhamishia mbabula nje ya lupango (ua wa nyumba) na kuacha dirisha moja wazi kidogo. Kipasha joto kilipata kazi zaidi, ila pH ilirudi 8.1.

Polipu-nyota nazo zilinishinda. Zilipandwa kwenye kioo cha nyuma ili ziwe kama uwanda wa majani, na zinapendeza kweli zinapotikisika, lakini kipande kimoja cha jiwe cha kisiwa cha kulia kilikuwa kinagusa kioo hicho kwa upana wa kidole. Ndani ya mwaka zilivuka daraja hilo na kufunika theluthi ya kisiwa pamoja na Zoanthus zangu zote. Hilo ni kosa la ujenzi, tena kosa ambalo mtu anayehubiri nafasi tupu hakupaswa kulifanya. Alikuja kulirekebisha bila malipo, akavunja jiwe lile kwa patasi huku maji yakiwa tangini, na harufu ilikaa sebuleni siku mbili.

Nikiulizwa kwa nyota, nitampa nne kati ya tano kwa usanifu na mbili kwa ushauri wa uendeshaji. Simshauri huduma hii mtu ambaye hana betri za kutosha, wala anayesafiri mara kwa mara bila mtu wa kuaminika nyumbani, wala anayetaka tangi lililojaa ifikapo sikukuu ya mwisho wa mwaka. Kila mwezi natumia takriban dola 45 kwa chumvi, myeyusho na machujio, bila kuhesabu umeme. Sehemu ndogo ya fedha hiyo imeanza kurudi, kwa kuwa vipande ninavyovikata fundi hunipunguzia navyo bei ya ziara, kisha huvipanda katika matangi ya wateja wake wapya, ambao hawatalazimika kungoja vibali wala ndege.

Jumamosi ijayo anakuja kukata sahani ya juu ya Montipora, ambayo imeanza kuitia kivuli digitata iliyo chini yake. Nimekwisha kumwambia aje na koleo lake mwenyewe, kwa sababu langu limeshika kutu kwa maji ya chumvi.