Fremuweki nyepesi ya kubadilisha maktaba: nyota mbili, na hizo kwa huruma

Asiye na muda asome hapa aende zake: nyota mbili. Jina la fremuweki (kiunzi cha kujengea tovuti) naliacha, maana naandika nikiwa na hasira na walioitengeneza hawajanila hata shilingi, ni ya bure. Ila ukikutana na fremuweki inayojinadi kwamba ukurasa haubebi JavaScript, ule msimbo unaoupa uhai, mpaka uiombe, na kwamba vipande vyenye uhai unaweza kuvichora kwa maktaba kama React, Preact, Vue, Svelte au Solid (misimbo iliyokwisha andikwa, unaiazima tu), ukabadilisha upendavyo, basi ni hiyo au ndugu yake.

Hilo "upendavyo" ndilo lililonifikisha hapa.

Kazi ilikuwa tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi. Mteja anachagua simenti, mabati au nondo, anaandika idadi, jumla inatokea chini, anabonyeza "Agiza". Nilianza na React na kila kitu kilikwenda sawa, isipokuwa uzito. React pamoja na mwenzake react-dom anayeichora kwenye kivinjari, hata vikishabanwa, vinazidi kilobaiti 40, na wateja wa duka lile wanafungua kwa simu ndogo zenye bando la kuungaunga. Preact, aliyoianzisha Jason Miller mwaka 2015, inajitangaza kwa kilobaiti 3. Uandishi ni uleule, hata useState ya kutunzia idadi na jumla ni ileile. Nyaraka za fremuweki zinakuelezea zoezi hilo kana kwamba unabadilisha mtungi wa gesi: toa huu, weka ule, washa. Nikabadilisha mipangilio, nikarekebisha majina ya vifurushi juu ya mafaili, nikajenga upya. Hakuna onyo, hakuna kosa. Ukurasa ulivyofunguka haraka kwenye simu yangu ya zamani, nilicheka peke yangu. Ungeniuliza jioni ile ningekupa nyota tano.

Siku chache baadaye mwenye duka akanipigia. Ni mama mpole, hajawahi kunipandishia sauti. "Mwanangu, watu wanasema tunawaibia."

Nikachukua simu ya Android nikajifanya mteja. Nikaandika 40 kwenye kisanduku cha simenti. Jumla ikabaki ileile ya mfuko mmoja. Nikasubiri. Imetulia tu. Nikagusa "Agiza", na palepale kidole kikiwa kwenye kitufe, jumla ikaruka hadi bei ya mifuko 40. Jiweke kwenye nafasi ya fundi aliyetumwa na tajiri wake: anaona bei ndogo, anabonyeza, bei inapaa. Hata mimi ningesema naibiwa. Konsoli ya kivinjari, pale makosa yanapoandikwa, ilikuwa nyeupe, hakuna hata mstari mmoja mwekundu wa kunionea huruma.

Chanzo ni kitu kidogo cha kukera. Kwa kanuni za vivinjari, tukio la "change" kwenye kisanduku cha kuandikia halitokei mpaka mtu amalize na kutoka kwenye kisanduku. React waliamua zamani kwamba onChange yao, pale unapoandika cha kufanya kisanduku kikibadilika, itaitika kila herufi inapoguswa. Preact hawaingilii, wanatumia matukio ya kivinjari yalivyo, kwa hiyo onChange inasubiri utoke. Ukitaka kila herufi, unaandika onInput. Kusema kweli Preact ndio walio upande wa kivinjari, na hilo sigombani nalo. Wameliandika wazi kabisa kwenye nyaraka zao. Ninaogombana nao ni hawa wa katikati, wenye fremuweki, walionishika mkono wakaniambia vuka, barabara ni nyeupe.

Nikaenda kuuliza kwenye kundi lao la msaada. Niliuliza kwa adabu, nikaweka na kipande cha msimbo. Akajibu mmoja wa watunzaji: imeandikwa kwenye nyaraka. Basi. Na kialama cha tabasamu. Nyaraka zipi? Za kwao nimezisoma mpaka chini. Kuna swichi inaitwa compat, ambayo kweli ukiiwasha onChange ya visanduku inarudi kuwa kama ya React, lakini wao wameielezea kama kitu cha mtu anayetaka kutumia vifurushi vya React kutoka npm, ghala la misimbo ya watu wengine. Mimi sikuwa na kifurushi hata kimoja cha namna hiyo. Ningejuaje kwamba ndani ya swichi ya vifurushi vya watu wengine ndimo umelala mfumo wa jumla ya simenti yangu? Nilipomwandikia hivyo, akaufunga uzi wa maswali. Hapo ndipo nyota tatu zilipodondoka, mbili kwa hitilafu na moja kwa lile tabasamu.

Kwa aliyekwama kama mimi: tafuta kila onChange iliyo kwenye input ya kuandikia na textarea, weka onInput. Za checkbox (visanduku vya tiki) na select (orodha za kuchagua) ziache, zinafanya kazi vilevile. Kisha jaribu kwa kidole kwenye simu, usiridhike na kompyuta, kwa sababu kwenye kompyuta unagusa kitufe cha Tab bila kujijua, kinakutoa kwenye kisanduku, na kila kitu kinaonekana kizima.

Sasa hivi tovuti inapaa. Mama ameacha kupigiwa simu za lawama, na mwenzangu anayetumia fremuweki nzito ya kampuni kubwa aliufungua ukurasa wangu akadhani nimemtumia picha. Kwa hiyo labda nyota tatu. Nne, kama ningepima kasi peke yake. Lakini nikikumbuka lile tabasamu narudi kwenye mbili, na mbili hizo zitabaki mpaka waweke sentensi moja ya onyo kwenye ukurasa wa kubadilisha maktaba. Nimewaandikia hiyo sentensi mwenyewe nikaituma. Mpaka sasa hawajaigusa, na mradi mpya nilioanza juzi nimeuanzia kwenye fremuweki hiyohiyo.