Masjala ya Mielke: siku moja Stasi Museum, Berlin

Nimefanya kazi ya masjala miaka 31 hapa Unguja, katika ofisi ambayo sitaitaja. Kwa hiyo nikiingia jengo lolote, macho yangu hukimbilia makabati kwanza, watu baadaye. Binti yangu anayeishi Berlin anaujua ugonjwa wangu huu. Nilipomtembelea akasema habari za Ukuta wa Berlin wataniambia wengine, "wewe baba nakupeleka kwa wenzio." Tukapanda treni ya chini ya ardhi, U5, tukashuka Magdalenenstraße. Kutoka pale ni hatua chache tu.

Jengo lenyewe linaitwa Haus 1, na lilikuwa makao makuu ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, wizara ambayo jina lake kamili ukilitafsiri unapata Wizara ya Usalama wa Taifa. Ilianzishwa 1950, na kuanzia 1957 mpaka mwisho wake 1989 waziri alikuwa mmoja, Erich Mielke. Ukumbini chini limewekwa gari la Barkas la kubebea mahabusu. Chungulia ndani: vijichumba vimekatwakatwa, havina dirisha, mtu hapati pa kunyoosha mguu. Binti yangu hakutaka kukaa hapo muda mrefu, tukapanda juu.

Ofisi ya Mielke imeachwa kama ilivyokuwa. Mimi nilitarajia makuu. Nikakuta mbao ukutani, simu mezani, viti vya kikao, kitanda cha kupumzikia chumba cha nyuma. Ni ofisi ya meneja mkuu wa shirika la umma miaka ya sabini, imebaki kukosa kalenda ya bima tu. Kilichonisimamisha ni kadi ya katibu muhtasi wake: kachora meza ya chai ya asubuhi ya mheshimiwa, sahani ikae wapi, kisu wapi, na mayai yachemshwe dakika nne na nusu. Nimewahi kuwa na mabosi wa kila namna, lakini wa kufunguliwa kumbukumbu ya yai sijampata.

Kamera za siri ndizo zinazovuta watu, hasa vijana. Ipo iliyofichwa ndani ya ndoo ya kumwagilia maua, na kuna mlango wa gari la Trabant uliotiwa mitambo ya kupiga picha gizani. Nilizipita haraka. Nenda kaangalie chupa. Ni chupa za kioo kama za achari, na ndani yake kuna kitambaa cha njano. Mtu aliitwa kuhojiwa, akakalishwa kitini juu ya kitambaa, akajiondokea zake. Harufu yake ikafungiwa chupani ili siku ya haja mbwa anusishwe. Yaani jasho la mtu nalo lilikuwa na jalada.

Hapo nikamkumbuka shangazi yangu. Mimi nimekulia Michenzani, kwenye zile nyumba ndefu ambazo Wajerumani wa Mashariki walisaidia kuzijenga. Sisi watoto tulijua wametuletea mainjinia na saruji. Lakini hawakuja hao peke yao: mwaka 1964 Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wao wa nje, alikuja Unguja mwenyewe, na watu wake wakasaidia kuunda idara ya usalama. Shangazi hakuwa na habari za Wolf. Ila akitaka kusema jambo zito alivuta kinu akatwanga, hata kama siku hiyo hapakuwa na cha kutwanga, na maneno yakapita katikati ya mchi na mchi. Majirani walidhani tunakula vizuri sana.

Maelezo ya makumbusho ni ya Kijerumani na Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, nenda na mtu. Tenga saa mbili na nusu, na usiwape mgongo wenzetu wa Haus 7, jengo la masjala hapo hapo uwanjani. Watu wengi wakishatoka kwa Mielke wanaona wamemaliza. Hawajaanza.

Huko kuna kilomita 111 za majalada, hesabu yao yote ikijumlishwa na matawi ya mikoani. Watumishi wa wizara walikuwa wapata 91,000, na watoa habari wa mitaani, mashushushu kwa lugha yetu, kama 189,000, katika nchi ya watu milioni 16 na kitu. Mwishoni walipotaka kuyaangamiza majalada, mashine za kukatia karatasi zilizidiwa wakachana kwa mikono, na magunia yapatayo 16,000 ya vipande yakasalia. Tarehe 15 Januari 1990 wananchi wakaingia ndani, na tangu 1992 mtu anaomba kusoma jalada lake mwenyewe.

Nakiri niliona wivu. Ofisini kwetu mzee mmoja wa pensheni alifuatilia jalada lake miaka mitatu, na kila akija jibu letu ni moja: halionekani. Hawa walijipanga majalada yasiwapotee. Majalada yalitafutwa kwa kadi za aina mbili. Kadi ya F16 ina jina lako halisi. Kadi ya F22 ina namba na jina la bandia. Moja bila ya nyingine haikwambii kitu, kwa hiyo hata karani mwenyewe hakujua anamshika nani. Na F16 wameipanga kwa matamshi, si kwa tahajia, ili Meier, Maier na Meyer wakae droo moja, asiponyoke mtu kwa herufi. Nilisimama pale nikitikisa kichwa kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenzake.

"Baba," binti yangu akauliza taratibu, "sisi wangetuweka droo gani?"

Nilikwisha anza kumjibu.