Noti za haraka au sikio lako?

Programu ya AnthemScore husikiliza rekodi na kukuandikia noti za muziki yenyewe. Programu nyingine, Transcribe!, hupunguza mwendo wa wimbo bila kuifanya sauti iwe nzito. Kuandika ni kazi yako. Kwa piano peke yake, ya kwanza inaokoa muda mwingi. Bendi nzima ikiingia, AnthemScore inababaika: noti ya Hz 110 (mitetemo 110 kwa sekunde) hutetema pia kwa 220 na 330, basi programu huweza kuona noti tatu palipo na moja.

Kwa gitaa ni balaa zaidi. Noti E ya Hz 330 hupatikana waya wa kwanza ukiwa wazi, wa pili freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 5, au wa tatu freti ya 9. Sikio lililozoea hutofautisha ni waya upi. Mpiga gitaa, chukua Transcribe!, hata uvivu ukikushauri vingine.