Uzoefu wangu: ziara ya wiski na kasri, Speyside, Uskoti

Ukiwa na siku moja tu Speyside, nenda Ballindalloch, penye kasri na kiwanda cha wiski. Mimi na dada yangu tulienda Septemba, tukitokea Inverness kwa gari la ziara la watu wanane, na hapo ndipo nilipoona pesa yangu haikupotea.

Kasri na kiwanda viko kwenye shamba moja, la ukoo mmoja. Akina Macpherson-Grant wamekaa hapo tangu 1546 na bado ni makazi yao, kwa hiyo unapita sebuleni mwa watu, picha za familia zikiwa mezani. Kiwanda chenyewe ni kidogo, kilianza kukeneka 2014 ndani ya majengo ya zamani ya shamba, na shayiri hulimwa hapo hapo. Mwenyeji wetu alifunua pipa kubwa la mbao la kuchachushia. Nikainama kunusa, gesi ikanipiga puani mpaka machozi yakanitoka. Harufu ni ya busaa kabisa!

Lakini kilichonigusa zaidi ni machicha. Kimea kikishakamuliwa utamu wake, mabaki hupewa ng'ombe wa shamba, wale weusi wasio na pembe wa Aberdeen-Angus, ambao kundi lao lilianzishwa hapo 1860. Kwetu Kiambu wafugaji hununua machicha ya bia kwa gunia. Dada yangu anafuga, basi wiski akaisahau: akataka kujua wanayahifadhi vipi yasiingie ukungu, ng'ombe mmoja anapewa kiasi gani. Alijibiwa kwa subira, swali kwa swali. Baadaye ghalani tukaelezwa kwamba wiski ya Uskoti lazima ikae kwenye mapipa ya mwaloni angalau miaka 3, na kwamba kila mwaka takriban asilimia 2 huvukia tu hewani. Wenyewe huiita fungu la malaika.

Kituo cha pili kilikuwa karakana ya mapipa, Craigellachie. Unatazama ukiwa juu, mafundi wako chini yako: fundi anazunguka pipa mbiombio akigonga pete za chuma, hatumii gundi wala msumari. Nusu saa inatosha.

Lalamiko langu ni kwa kampuni ya ziara. Gari lilichelewa kutuchukua kwa dakika hamsini, na muda huo wakaufidia kwa kuiruka bustani ya kasri, ambayo tulikuwa tumeilipia. Niliomba turudishiwe sehemu ya pesa, sijajibiwa mpaka leo.

Wanaotaka kuendesha wenyewe wajue kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, wakati England ni 80. Dereva asionje kabisa. Viwanda vingi humpa fungu lake kwenye kichupa, akanywe akishafika alikolala. Na kasri hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo hakikisha tarehe kabla ya kukata tiketi ya ndege.