Hiace ya Aoshima ya kipimo cha 1/24: tathmini ya seti ya plastiki iliyojengwa na kupakwa rangi Tanga

Kampuni ya Aoshima ya Shizuoka, Japani, ambayo ipo tangu mwaka 1924, hutengeneza seti ya plastiki, yaani vipande vya kuunganisha mwenyewe, ya Toyota Hiace Super GL, aina ya TRH200V, katika kipimo cha 1/24, ambapo sentimita moja ya modeli ni sentimita 24 za gari halisi. Wapenzi wa burudani hii ya kujenga modeli wengi hukimbilia Ferrari, Porsche au magari ya mashindano, na siwalaumu, lakini mkazi wa Tanga ambaye kila siku hukwepa Hiace zinazogombania abiria kuelekea Kange au Pongwe atapata katika sanduku hili gari analolijua kuliko yote hayo. Tatizo ni kwamba analijua kwa namna ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Super GL ya Japani ni gari la mwenye nafasi kidogo, lenye viti vizuri vya safu mbili na uwanja mpana wa mizigo nyuma, ilhali kwetu umbo hilohilo limejaa mabenchi, lina mstari wa rangi ubavuni na konda mlangoni. Kwa sababu hiyo nimeipima seti hii kwa mizani miwili: kama inaifanania Hiace iliyoandikwa juu ya sanduku, na kama inakubali kugeuzwa daladala. Kwa mizani ya kwanza inafaulu vizuri. Kwa mizani ya pili inafaulu pia, ila mjenzi ndiye atakayebeba mzigo, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni rangi.

Tuanze na umbo, kwa kuwa hapo ndipo fedha inapokwenda. Hiace ya kizazi hiki iliingia sokoni Japani mwaka 2004, na ile ya upana wa kawaida ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695, hivyo katika kipimo cha 1/24 unapata gari lenye urefu wa karibu sentimita 19.6 na upana wa sentimita 7. Ukiliweka mezani na kuinama hadi jicho lako liwe usawa wa bampa, unaona mlalo wa kioo cha mbele, pua fupi na ubavu ulionyooka kama ulivyo barabarani, wala huhisi kwamba kuna mahali fundi wa kalibu alikadiria tu. Usukani uko kulia kama magari yetu, jambo linalotuepusha na kazi ya kukata dashibodi inayowasumbua wanaojenga magari ya Ulaya. Injini haimo. Wapo wanaolihesabu hilo kuwa upungufu, lakini katika Hiace halisi injini imejificha chini ya viti vya mbele, na hata ukiufungua mlango huioni, kwa hiyo sioni sababu ya kulalamika.

Plastiki ni polistaireni nyeupe, na vipande huja vimeshikamana na fremu zake. Vikatwe kwa plaizi ndogo, mbali kidogo na kipande chenyewe, kisha kisiki kinachobaki kiondolewe kwa wembe na msasa. Anayevivunja kwa mkono huacha shimo ambalo baadaye litahitaji pati ya kulizibia. Mistari ya kalibu ipo, hasa kwenye kona za bodi, nayo huonekana vizuri zaidi baada ya rangi kuliko kabla, kwa hiyo ipitishwe msasa wa maji mapema. Maelekezo yameandikwa Kijapani, lakini michoro yake inajitosheleza kwa mtu yeyote aliyewahi kuunganisha seti moja au mbili. Kinachoweza kumchanganya mgeni ni namba za rangi, kwa sababu Aoshima hutumia namba za rangi za Mr. Color za kampuni ya GSI Creos, na mwenye makopo ya Tamiya, kampuni nyingine ya Kijapani, itambidi atafute mwenyewe zinazolingana.

Jambo moja la gundi linastahili kutajwa kwa sababu ya vioo. Hiace ni gari la vioo vingi, na vioo hivyo ndivyo vinavyolipa sura yake. Gundi ya kawaida ya modeli huyeyusha plastiki ili vipande viungane, na tone moja likiangukia kioo halitoki. Supaglu nayo ni mbaya zaidi hapa pwani: hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewa, hivyo Tanga hushika kabla hujasogeza kipande mahali pake, na moshi wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile inayouzwa hadi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Ngamiani. Hushika polepole, hukauka ikiwa angavu, na ikizidi hufutika kwa kitambaa chenye maji. Fremu nyeusi za vioo zipakwe kabla ya kuvibandika.

Sasa rangi. Kwa kuwa plastiki ni nyeupe na Hiace nyingi ni nyeupe, kishawishi cha kuiacha bodi bila rangi ni kikubwa, na matokeo yake hujulikana mara moja: mwanga hupenya kwenye kuta, na gari hubaki kitu cha kuchezea watoto. Nyeupe lazima ipakwe juu ya praima, yaani rangi ya msingi. Nilitumia kopo la kupulizia la Tamiya TS-26, nyeupe halisi, juu ya praima nyeupe ya kampuni hiyohiyo. Angalia herufi kabla ya kulipa, kwa kuwa Tamiya wana makopo ya TS na ya PS yanayofanana sana. PS ni ya bodi za plastiki ya polikaboneti za magari ya kuongozwa kwa rimoti na haifai kwenye seti hii.

Rangi za TS zimetengenezwa kwa kiyeyushi kinachoruka haraka, na hapo ndipo hewa ya Tanga inapoingilia kati. Kiyeyushi kinaporuka hupoza uso wa bodi, na kama hewa imejaa mvuke, mvuke huo hugeuka maji ndani ya rangi ambayo bado haijakauka. Juu ya rangi nyeusi utaona wingu la kijivu papo hapo. Juu ya nyeupe huoni kitu hadi kesho yake, ambapo bodi imekauka lakini haing'ai, na ukiielekeza dirishani inarudisha mwanga kwa uvivu kama sufuria ya zamani. Bodi yangu ya kwanza ilitoka hivyo wakati wa masika, ingawa mvua yenyewe haikuwa ikinyesha saa ile. Dawa yake si kuongeza rangi nene. Subiri siku yenye jua, pulizia tabaka jembamba sana ambalo linalainisha lile la chini, na mara nyingi wingu huondoka lenyewe.

Majira ya kaskazi ndiyo rafiki wa mpakaji wa rangi, hasa kati ya Januari na Februari, na saa nzuri ni kuanzia katikati ya asubuhi, jua likishakausha umande na kabla upepo wa baharini haujapata nguvu ya kuokota vumbi. Kopo liwekwe kwanza ndani ya maji ya vuguvugu, wala yasiwe ya moto, ili msukumo wake uwe sawa na matone yawe madogo. Tabaka la kwanza liwe la kunyunyiza tu, ambalo bado linaonyesha praima. La pili lizibe. La tatu ndilo la kung'arisha, na mkono usisimame hata mara moja juu ya bodi. Kwenye Hiace paa ni pana na tambarare, kwa hiyo kosa lolote la mkono huonekana pale kabla ya mahali pengine. Kisha bodi ifunikwe kwa ndoo iliyo safi. Si kwa ajili ya vumbi pekee: jioni mbu wa Tanga hutua juu ya rangi mbichi, na mguu wa mbu ukishakauka ndani ya nyeupe hautoki bila msasa.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kama rangi ya gereji haiwezi kufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu, hasa kwa kuwa msimbo wa nyeupe ya Hiace, 058, umeandikwa kwenye kibati cha gari na mchanganyaji wa rangi za magari anaujua. Inaweza, lakini kwa tahadhari. Thina ya gereji ni kali, na ikigusa polistaireni tupu huipasua nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka. Praima ya modeli ikikaa katikati, na rangi ya gereji ikapulizwa kavukavu katika tabaka za mwanzo, mambo huenda sawa. Fundi mmoja wa rangi alinipakia bodi kwa mashine yake, na uzuri wa mng'ao ulinishangaza, lakini unene wake ulizika mistari ya milango. Katika kipimo cha 1/24 mstari wa mlango ni mwembamba kuliko ukucha, na rangi iliyokusudiwa kuvumilia jua na mawe ya barabarani huufunika wote. Vanishi ya gereji yenye kigumishi siipendekezi kabisa kwa mtu anayefanyia kazi sebuleni, kwa kuwa mvuke wake unadhuru mapafu na kitambaa cha kufunga usoni hakizuii. Kwa ukubwa huu, TS-13, vanishi angavu ya Tamiya, inatosha.

Kuigeuza daladala ndiko kulikonipa raha kubwa zaidi, na seti inavumilia. Viti vya ziada havimo, na plastiki bapa ya kujengea haipatikani kwa urahisi mjini, lakini polistaireni ni nyenzo ya kawaida: pindua kikombe cha mtindi au sahani ya kutupa, na ukiona namba 6 ndani ya pembetatu, hiyo ndiyo inayokubali gundi ya modeli. Chupa ya maji, yenye namba 1, na kopo lenye namba 5 havikubali. Mabenchi ya daladala ni vibao vilivyopinda tu, kwa hiyo mkasi, rula na subira vinatosha. Rekzini nilipaka kwa rangi ya kahawia isiyong'aa, kisha nikasugua kingo kwa kitambaa kikavu ili zionekane zimelika pale abiria wanapopitisha mapaja.

Mlango wa pembeni ndio mgumu. Milango imefinyangwa pamoja na bodi, na daladala yenye mlango uliofungwa daima haina konda. Niliutoa kwa kupitisha upande wa nyuma wa wembe ndani ya mstari wa mlango, taratibu, tena na tena, hadi plastiki ikaachia. Makali ya mbele ya wembe hupotea njia na kukata ubavu. Ukishatoka, ukuta wake wa ndani ni mtupu kabisa, na utalazimika kutengeneza reli ya chini na kitasa. Asiyetaka usumbufu huo aache mlango ulivyo na aishie kwenye rangi tu.

Mstari wa ubavuni unahitaji tepu nzuri. Ile ya karatasi ya dukani, wanayotumia mafundi wa nyumba, hupitisha rangi pembeni na wakati mwingine huondoka na rangi ya chini; tepu ya njano ya Tamiya ni ghali lakini kipande kifupi kinatosha gari zima. Namba za gari zilizomo kwenye stika za maji, zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, ni za Kijapani, fupi na nene kuliko zetu. Kibao chetu kirefu, katika kipimo hiki, ni karibu milimita 22 kwa milimita 4.6, na kwa gari la biashara kiwe cheupe chenye maandishi meusi, si cha njano kama cha gari binafsi. Duka lolote la stesheni lenye printa nzuri litakichapisha kwenye karatasi ya picha. Maandishi ya kioo cha nyuma, yale ya dua, majigambo na majina ya wachezaji, nayo yanaweza kuchapishwa hivyohivyo, na hapo kila mjenzi ana uhuru wake.

Kuhusu kununua, seti yenyewe husafiri kwa posta bila taabu, na pamoja na usafirishaji na ushuru ilinigharimu zaidi kidogo ya shilingi laki moja na nusu. Makopo ya kupulizia ni habari nyingine, kwa kuwa yana gesi inayowaka na hayaruhusiwi kupakiwa kiholela kwenye ndege. Ni afadhali kumwagiza mtu anayeyaleta kwa meli, au kutafuta Dar es Salaam kabla ya kufungua sanduku. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliahidi kunitumia seti na makopo kwa pamoja, na kilichofika ni seti peke yake ndani ya sanduku lililobonyea. Fedha ya makopo aliirudisha baada ya kusumbuliwa sana. Aoshima hutoa pia matoleo ya Hiace hiyohiyo yaliyoshushwa chini na kuvishwa rimu kubwa, nayo mara nyingi huwa rahisi kupatikana kuliko la kawaida, lakini anayelenga daladala asiyachukue, kwa sababu rimu ndogo za chuma na tairi nene ndizo zinazoipa Hiace yetu msimamo wake. Na anayetaka ile ya paa refu ajue kwamba sanduku hili lina paa la kawaida tu, na itabidi alikate na kulinyanyua kwa plastiki yake mwenyewe.