Skeletoni ya plastiki ya sentimita 85: inunueni kwa kuchanga, afu msiiamini kwenye viungio

Wadau mnaoanza uuguzi, utabibu, ukunga na wengineo, kila mwaka swali linakuwa lilelile, eti ile skeletoni ndogo ya plastiki inafaa au ni kupoteza hela, basi ngoja niandike yote mara moja maana nimekaa nayo geto tangu mwaka wa kwanza na sahivi niko wa mwisho diploma ya utabibu. Nazungumzia ile ya sentimita 85 inayokuja kwenye boksi, ina kistendi chake cha chuma na nati, sio ile ya urefu wa mtu mzima inayokaa maabara ya chuo na ambayo mkiwa darasa zima mnaishia kuiona mgongo tu.

Jibu fupi ni nunueni, ila msinunue mtu mmojammoja. Sisi tulichanga wanne, tukaichukua Kariakoo kwenye duka la vifaa vya hospitali, na jiandaeni kupatana kwelikweli kwa sababu mzigo ni uleule wa kutoka China lakini bei duka hili na duka lile hazifanani hata kidogo. Pia bebeni mfuko mkubwa mweusi. Ukipanda nayo daladala miguu inaning'inia nje ya boksi utapata siti, na utapata maswali mpaka unashuka.

Muuzaji alituapia kwamba ina mifupa yote 206 ya mtu mzima. Haina. Vile vimifupa vya ndani ya sikio, vitatu kila upande, havimo, na hayoidi nayo, ule mfupa wa kooni chini ya ulimi ambao haujaungana na mfupa mwingine wowote mwilini, kwenye yetu hamna. Hapo umeshabaki na 199, na bado hujafika kwenye kifundo cha mkono ambako mifupa minane imemiminwa ikawa bonge moja lenye michoromichoro. Sasa wengi wanaishia hapo wanasema feki, mimi naona huko kuitafuta iliyopungua ndiko kulikotufundisha, maana ili ujue kimekosekana nini lazima ujue kilitakiwa kuwepo nini. Na hesabu yenyewe ukiifanya huku unashika haikusumbui tena: mkono mmoja una 30, yaani mmoja wa juu, miwili ya kigasha na 27 kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, mguu nao 30, yaani fupa la paja, pia ya goti, tibia na fibula (miwili ya chini ya goti), halafu 26 za unyayo, mara mbili mbili inakuja 120, ongeza mitulinga miwili, skapula mbili (yale mabapa ya nyuma ya bega) na mifupa miwili ya nyonga unapata 126. Zilizobaki 80 ni fuvu na vyake, uti wa mgongo na kifua. Kumbe viganja na nyayo peke yake ni 106, zaidi ya nusu ya mwili mzima, na ndipo watu wanaporuka wakisoma.

Sehemu ambayo hii kitu imetulipa hela yetu yote ni uti wa mgongo. Kwenye notsi unasoma shingo 7, kifua 12, kiuno 5, unakariri unasahau. Ukishika pingili kwa mkono unaona kwa nini zinatofautiana, za shingo zina vitobo pembeni vya kupitisha mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, za kifua zina vijisahani vya kupokea mbavu na mwiba wa nyuma umelala kuelekea chini, za kiuno ni manene kwa sababu ndizo zinabeba uzito wa kila kilicho juu. (Twiga naye shingoni ana saba tu kama wewe, ni vile zake ni ndefu.) Halafu weka vidole juu ya kingo za nyonga pande zote mbili, chora mstari wa kwenda mgongoni, unaangukia kwenye pingili ya nne ya kiuno au jirani yake, na hapo ndipo utaelewa kwa nini daktari akitaka kutoa maji ya uti wa mgongo kwa mgonjwa anayehisiwa homa ya uti wa mgongo, au mtu wa usingizi akimchoma mama anayeenda kufanyiwa upasuaji wa uzazi, anahesabu kutokea pale. Uti wa fahamu (ule mkanda wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo) kwa mtu mzima unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, chini ya hapo kuna nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji. Mwalimu aliwahi kutueleza hilo ubaoni, likaniingia kichwani siku nilipolishika.

Kifua kiko poa pia. Tafuta kile kituta kwenye mfupa wa kidari, pale inapogusa ni ubavu wa pili, ukishaupata unateremka kwa vidole ubavu mmoja mmoja mpaka nafasi ya tano kati ya mbavu, ambako mapigo ya ncha ya moyo yanasikika chini ya katikati ya mtulinga wa kushoto. Fanya kwenye plastiki, afu fanya kifuani kwako, afu kwa mwenzako. Kwa wa uuguzi kitu kingine ni sindano ya makalio, angalia lile pengo kubwa la nyuma ya nyonga ndipo neva ya siatiki, ile kubwa inayoshuka mguuni, inapotokea, utajua kwa nini mnafokewa kwenda juu na nje au kutumia sehemu ya ubavuni kwa nyonga. Ila kuipima sehemu hiyo kwa kiganja kwenye skeletoni hii haiwezekani, kwa saizi ile mkono wako unameza nyonga nzima, hapo tumieni mwili wa mwenzenu.

Na saizi ndio lawama yangu ya kwanza. Urefu ukiwa nusu ya mtu, ujazo unakuwa sehemu moja ya nane, kwa hiyo vitu vidogo vinafutika. Ukigeuza fuvu uangalie chini yake utaona lile tundu kubwa la kupitisha uti wa fahamu, mengine yameziba au ni vidoti tu vya mapambo. Kwa mishipa ya fahamu ya kichwani hii skeletoni haikusaidii chochote, tumieni picha, kitabu cha bure cha Anatomy and Physiology cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, kinatosha sana, toleo la pili lilitoka 2022, mifupa iko sura ya sita mpaka ya nane, pakua piidiefu ukae nayo kwenye simu hata bando likiisha.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na ndio maana nimeandika vile pale juu: viungio vinadanganya. Kwenye yetu skapula imepigwa skrubu kwenye mbavu. Mwilini skapula haijashikwa na mbavu kwa kiungio chochote cha mfupa, inaelea kwenye misuli, na mkono wako wote umeungana na kiwiliwili kwa mfupa kupitia sehemu moja tu, pale mtulinga unapokutana na kidari. Ndio maana unaweza kunyanyua bega mpaka sikioni. Mtu anayesoma kwa skrubu ataamini bega ni kitu kigumu kilichogandishwa mgongoni. Kigasha nacho, radiasi na alna (ile mifupa yake miwili) zimegundishwa, haziviringiki. Weka mkono wako mezani kiganja kikiangalia juu, shika kiwiko kwa mkono mwingine afu geuza kiganja chini, utasikia mfupa mmoja umetulia na mwingine umepita juu yake, hilo plastiki haikupi. Goti linakunja kama bawaba na pia ya goti imebandikwa kwa gundi (ya kwetu ilishadondoka, tunaiweka kwenye soksi). Na dada mmoja wa kundi letu anayesoma ukunga analalamika kila siku kwamba nyonga ni ya kiume, ile pembe ya mbele chini ni nyembamba, wakati yeye anahitaji ya kike ambayo ni pana, ili aelewe kichwa cha mtoto kinavyopita. Wakunga, nyie nunueni modeli ya nyonga peke yake.

Halafu kuna upande wa fiziolojia, ambao hii bidhaa haiugusi kabisa, na sio kosa lake. Inakufanya uone mfupa kama kitu kilichokufa. Wakati mfupa ni ghala, takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo humo, damu ikipungukiwa tezi za parathiroidi, vile vidogo vya shingoni, zinatoa homoni, kuna seli zinamega mfupa, kalsiamu inarudi kwenye damu, na nyingine zinajenga upya, shughuli haisimami hata ukilala. Ndani kuna uboho unaotengeneza damu. Mtoto mdogo mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kuvimba viganja na nyayo kwa sababu vifupa vyake vya vidole bado vina uboho mwekundu na damu imeshindwa kupita, sasa kwenye plastiki iliyojaa ngumu mpaka ndani hilo utaliona wapi?

Kwa hiyo sisi tuliongezea buchani. Mwombe mwenye bucha kiungio cha goti la mbuzi kilichopasuliwa, utaona gegedu jeupe linaloteleza, utando, ule ute, uboho. Anayependa supu ya kongoro ana maabara kwenye bakuli, zile kano anazotafuna ndizo anazoziandikia mtihani. Na chukua mfupa wa paja la kuku uliooshwa vizuri uuloweke kwenye siki siku kadhaa ukibadilisha siki, madini yanayeyuka unabaki na kolajeni, yaani nyuzi za protini, mfupa unapinda. Choma mwingine kwenye mkaa mpaka uwe mweupe, kolajeni inaungua yanabaki madini, ukiugusa unavunjikavunjika. Ugumu wa mfupa na kutokukatika kwake kirahisi utakuwa umevielewa bila kufungua daftari.

Namna tulivyoitumia: mmoja anafunika sehemu kwa kanga, mwingine anaingiza mkono anapapasa, anataja mfupa, upande wa kulia au kushoto, na misuli au neva iliyo jirani. Akikosa anatoka, anachora kutoka kichwani, afu ndio anafungua kitabu. Msikae tu mnasoma majina yaliyobandikwa, macho yanazoea mnajiona mmeiva. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke waliipima hii 2006 kwa wanafunzi wa chuo Marekani, baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki waliojijaribu kwa kukumbuka ndio waliowaacha wenzao. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano.

Mkienda dukani fungueni boksi palepale. Toa kofia ya fuvu uirudishe, chezesha taya uone kama springi inashika, hesabu pingili 24 juu ya sakramu (ule mfupa wa pembetatu kati ya nyonga mbili) na mbavu pea 12, angalia kama miguu ya kulia na kushoto haijabadilishwa, fibula inatakiwa ikae upande wa nje, za bei ya chini huwa zinafungwa hovyo. Kaza na nati ya kistendi. Muuzaji akisema boksi halifunguliwi mpaka ulipe, mshukuru uende duka la pili.